Kwangu Hakuvuji

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zilizotia nanga mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja zilifungua mizinga juu ya majumba ya mfalme. Sayyid Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili kabla, na Sayyid Khalid bin Barghash akakalia kiti bila ya ridhaa ya Waingereza. Vita havikufika saa nzima. Beit al-Hukm likateketea, Beit al-Sahel likaharibiwa vibaya, na mnara wa taa uliokuwa ukiangalia bahari haukufaa tena. Waliouawa na kujeruhiwa upande wa Khalid walifika kiasi cha watu 500. Moshi ulipotawanyika, Beit al-Ajaib lilikuwa bado limesimama, limepata mikwaruzo tu.

Ijumaa ya tarehe 25 Disemba 2020 hapakuwa na manowari wala adui. Jumba lilikuwa mikononi mwa mafundi, linakarabatiwa. Sehemu kubwa ya mbele yake, pamoja na mnara wa saa, ikaporomoka. Watu wawili wakafa.

Kati ya siku hizo mbili kuna miaka 124, na kisa chenyewe kimo humo. Nakisimulia kwa yeyote anayeishi, anayepangisha, anayerithi au anayesimamia nyumba ya mawe, iwe Unguja, Lamu au Mombasa, kwa sababu wengi wetu tuliizungumza ajali ile kama msiba wa ghafla, mfano wa radi. Haukuwa wa ghafla hata kidogo. Ulipigiwa hodi miaka minane.

Kwanza jumba lenyewe. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa mtu wa kupenda vitu vipya. Ndiye aliyeuletea mji maji ya bomba kutoka chemchemi za nje ya mji, na ndiye aliyejenga hamamu ambayo mtaa wa Hamamni umechukua jina lake. Mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, jumba la sherehe na la kupokelea wageni, refu kuliko jengo lolote la mji. Roshani zake pana zilizunguka pande zote juu ya nguzo za chuma, sakafu zake ziliwekwa marumaru iliyotoka ng'ambo, na milango yake ilichongwa aya za Kurani. Lilikuwa jengo la kwanza Unguja kupata umeme, na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Madaraja ya juu yaliliunganisha na majumba ya jirani ili mabibi wa ukoo wa kifalme wapite bila kuonekana barabarani. Baada ya mizinga ya 1896 mnara mpya wa saa ulijengwa badala ya ule wa taa, safari hii ukaunganishwa na jumba lenyewe, usoni kabisa. Huo ndio mnara ambao picha zote za Forodhani zilikuwa nao, na ndio ulioanguka.

Waingereza wakaligeuza afisi za serikali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likatumiwa na chama tawala, kisha likawa makumbusho ya historia na utamaduni. Aliyewahi kuingia atakumbuka mtepe uliokuwa ukumbini, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, na mizinga ya shaba ya Wareno mbele ya mlango. Kila mtawala aliyekuja alilitaka jumba lile. Kukitaka kitu na kukitunza ni kazi mbili tofauti, na ya pili haina sherehe.

Sasa inafaa tuingie katika ujenzi wa Mji Mkongwe, kwa sababu asiyejua nyumba ya mawe inavyosimama hatajua inavyoanguka. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wa nusu mita na kuzidi. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuu la kuni, kisha ikazimwa kwa maji na kuachwa ikae. Juu ya kuta hulazwa boriti, miti ya mikoko iliyokatwa katika madelta na makhori ya pwani hii, ile ile iliyopakiwa majahazini kwenda Oman na Ghuba kujengea nyumba za huko. Boriti ina urefu wake: mita mbili na nusu, tatu kwa shida. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani ni virefu na vyembamba. Mwenye nyumba aliweza kuwa tajiri wa karafuu na pembe, lakini upana wa chumba chake uliamuliwa na mkoko.

Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, halafu hushindiliwa sakafu ya chokaa na kokoto, ikapigwa kwa vibao siku nyingi hadi ikawa ngumu na kuteleza. Paa la asili lilikuwa hilo hilo, bapa. Wamiliki wengi baadaye wakaezeka mabati juu yake kwa sababu mvua za Unguja si mvua za Maskati.

Tazama kichwa cha boriti. Nasema kichwa kwa maana ya ile ncha iliyozama ndani ya ukuta, shubiri moja au mbili, ambayo hakuna anayeiona. Mkoko mkavu hauogopi mchwa, na nyumba nyingi zina boriti za zaidi ya miaka mia moja ambazo msumari haupiti. Lakini ncha ikilowa na ikabaki imelowa, inaoza taratibu, inakuwa unga wa kahawia unaokwanguka kwa kidole. Katikati ya chumba boriti inaonekana nzima, imepakwa chokaa, imenyooka. Uzito wote umebaki umeshikwa na kipande kisichofika urefu wa kidole gumba. Fundi mzuri wa Mji Mkongwe akiingia chumbani haendi moja kwa moja kwenye nyufa. Anatazama pembe za dari, pale boriti inapoingia ukutani, anatafuta alama ya maji, ile duara ya rangi ya chai. Akishaiona anauliza swali moja: juu ya hapa kuna nini?

Tunawafundisha watoto kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, ila methali hiyo inatukodolesha macho ukutani, na katika nyumba hizi ufa ni habari iliyochelewa. Ukiuona, maji yameshafanya kazi mwaka mzima.

Niisimulie nyumba moja. Haina namba wala mtaa, nimeiunga kwa vipande vya nyumba nyingi ambazo mkaazi yeyote wa Kiponda, Malindi au Shangani anazijua. Ina ghorofa tatu na ua katikati. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mfanyabiashara, warithi wake wakatawanyika, na sasa ndani mna familia saba. Chini kwa mbele kuna duka la vitenge na vinyago vya watalii. Juu kabisa anakaa bibi mmoja mtu mzima na wajukuu zake.

Masika ya mwaka wa kwanza, bati moja likang'oka misumari. Bibi akatega ndoo. Mwaka wa pili akatega ndoo tatu, akashuka kuongea na mwenye duka, kwa kuwa ndiye mwenye pesa.

"Mwanangu, juu kunavuja. Tukichanga mabati mawili na siku moja ya fundi, tumemaliza."

"Shikamoo bi mkubwa. Ningekusaidia wallahi, lakini kwangu hakuvuji. Waambie wa ghorofa ya pili."

"Marahaba. Wa ghorofa ya pili wameniambia niende kwa mwenye nyumba."

"Basi nenda kwa mwenye nyumba."

Mwenye nyumba ni nani? Hapo kisa kinakwama, na kimekwama hivyo katika mitaa mingi. Baada ya 1964 majumba mengi ya waliokimbia au waliopokonywa yalichukuliwa na serikali, wakapewa watu waliohama kutoka Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, na shamba. Kodi ilikuwa ndogo mno, na kodi ndogo haitengenezi paa. Nyumba nyingine ni za wakfu: mtu alitoa nyumba yake ili kodi iende msikitini au kwa masikini, nia njema kabisa, lakini kodi ilibaki vile vile wakati bei ya boriti inapanda. Nyingine ni za warithi ishirini, na kati yao wanane wako Dubai, London na Toronto, hawasemezani tangu matanga ya mzee. Nyumba ya Tippu Tip pale Shangani, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyekufa mwaka 1905 akiwa ameacha jina kutoka pwani hadi Kongo, nayo iligawanywa kwa familia kadhaa. Mlango wake wa nakshi ungali unapigwa picha na wageni. Mlango haujawahi kuwa tatizo la nyumba yoyote ya Mji Mkongwe.

Turudi kwa bibi. Mwaka wa tatu ghorofa ya pili walipata doa darini. Wakalipaka rangi. Mwaka wa nne kijana wa ghorofa ya kwanza, mwenye bidii, akaona lipu ya chokaa inabanduka ukutani kwake, akaita fundi wa mjini akampigia lipu ya simenti, nzito, laini, nzuri kutazama. Kila mtu akamsifu. Kumbe kafunga mlango kwa maji yaliyokuwa yakitoka. Ukuta wa matumbawe na chokaa huvuta unyevu na kuutoa, ndiyo tabia yake. Ukiuvika simenti, maji yanabaki ndani na chumvi yake, chumvi inakauka na kutanuka nyuma ya lipu, halafu siku moja lipu inadondoka kwa mapande ikiwa imebeba na uso wa mawe. Fundi aliyefanya kazi hiyo hakuwa mwizi. Alijua nyumba za tofali za Ng'ambo, na nyumba hii hakuijua.

Mwaka huo huo maji ya bomba yakawa ya kukatikakatika. Familia moja ikapandisha tangi la plastiki juu ya paa, la lita elfu moja. Hesabu hii haihitaji mhandisi: lita elfu ni tani moja. Tani moja ikawekwa juu ya boriti ambazo vichwa vyake havijaonwa na mtu tangu zama za Barghash, na koki ya tangi ikawa inadondosha, matone tu, usiku na mchana.

Na chini, yule ambaye kwake hakuvuji aliamua kupanua duka. Alitoboa ukuta wa kati akapata nafasi nzuri ya kutundika vitenge. Ukuta ule ulikuwa ndio unaopokea boriti za ghorofa zote za juu.

Nyumba hii naiacha hapo. Sina haja ya kuiangusha mbele ya msomaji. Nataka ionekane kwamba hakuna hata mmoja kati ya watu hawa aliyefanya jambo la kijinga kwa hesabu ya chumba chake. Aliyepaka rangi alikuwa msafi, aliyepiga lipu alikuwa na bidii, aliyepandisha tangi alikuwa anatafuta maji ya watoto. Mwenye duka ndiye ninayemlaumu zaidi, na si kwa kutoboa ukuta, kwa kuwa pengine hakuelewa. Namlaumu kwa jibu alilompa bibi, maana hilo alilielewa vizuri.

Sasa lipanue jibu hilo liwe la taifa, utapata Beit al-Ajaib. Jumba lilikuwa la wote: la serikali, la historia, la utalii, la UNESCO iliyouingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, la kila Mzanzibari aliyepo ughaibuni na picha yake ukutani. Mwaka 2012 pembe ya roshani ikaanguka. Jumba likafungwa kwa wageni. Mnara ule ule, saa ile ile, ila mlango umefungwa. Shirika la World Monuments Fund likalitia pamoja na Makumbusho ya Kasri jirani yake katika orodha yake ya mwaka 2014 ya majengo yanayohitaji kuangaliwa kwa haraka. Yakaandikwa maandiko, wakaja wataalamu, yakafanyika mazungumzo na Oman, nchi ambayo ukoo wa waliolijenga ulitoka, hadi fedha za kulikarabati zikapatikana kutoka huko. Kazi ikaanza, na kabla haijaisha jumba likaporomoka.

Miaka minane hiyo si yote iliyopotea, sitaki kumwonea mtu. Mradi mkubwa una michoro, mikataba, sahihi. Tatizo langu ni kile kinachofanyika wakati mradi mkubwa unasubiriwa: hakifanyiki kitu. Hakuna anayezibua mfereji wa paa kwa sababu paa zima litabadilishwa. Hakuna anayeng'oa mche wa mtini ulioota kwenye ufa wa ukuta, wa kung'oka kwa mkono mmoja, kwa sababu mkandarasi anakuja. Mvua haisubiri mkandarasi. Masika nane na vuli nane zilipita juu ya jumba lililofungwa, na jengo lililofungwa huharibika haraka kuliko lenye watu, kwa kuwa ndani hamna bibi wa kutega ndoo akajua pamevuja wapi.

Mwenye kubisha ataniambia kwamba jengo la ukubwa ule haliokolewi kwa ndoo na mabati mawili. Kweli. Nguzo za chuma na mihimili iliyoliwa na kutu havitibiwi na mtu mmoja mwenye ngazi. Lakini kutu nayo ni kazi ya maji, na maji yana njia yaliyoingilia. Na kubwa zaidi: kadiri jengo linavyozidi kuachwa ndivyo kulitengeneza kunavyozidi kuwa hatari kwa wanaolitengeneza. Waliokufa siku ile walikuwa watu waliokuwa kazini. Deni la kuchelewa hulipwa na fundi aliye juu ya jukwaa, na aliyechelewesha yuko afisini.

Kuna mfano wa upande wa pili, hatua chache kwa miguu kuelekea bandarini. Tharia Topan, tajiri wa Kiismaili, aliweka jiwe la msingi la zahanati mwaka 1887 kwa kuadhimisha miaka hamsini ya enzi ya Malkia Victoria. Alifariki mwaka 1891 kabla haijakwisha, ikamalizika 1894, na roshani zake za mbao zilizotobolewa mapambo kama darizi zikawa fahari ya upande ule wa bahari. Baada ya Mapinduzi ikaingia mikononi mwa serikali, kisha ikaachwa, hadi miaka ya 1980 ikawa gofu linalosubiri siku. Katika miaka ya 1990 mfuko wa utamaduni wa Aga Khan uliichukua na kuikarabati. Ilifikiwa ikiwa mbovu sana lakini imesimama, na kusimama huko ndiko kulikofanya kazi iwezekane: mafundi walikuwa na kitu cha kukipima, mbao za kuigizia, ukuta wa kufuatisha. Ikafanya kazi nyingine pia ambayo haionekani kwenye picha. Vijana walijifunza humo kuzima chokaa na kuchonga mbao kwa kuifanya kazi yenyewe.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo kuliko penginepo. Tangu 1985 kuna mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza Mji Mkongwe, kuna sheria, kuna mpango wa mwaka 1994 unaosema nini kijengwe na nini kisiguswe. Karatasi tunazo. Kinachopungua ni mtu anayejua chokaa. Simenti inauzwa kila duka la vifaa, mfuko unafunguliwa asubuhi na jioni kazi imekauka. Chokaa inataka kuvundikwa, inataka kurudiwa, inataka mtu mwenye subira anayelipwa kwa subira yake. Kijana ataijifunza ikiwa kuna nyumba ya kuitumia wiki ijayo, si kwa kuambiwa kwamba ni urithi. Na nyumba hiyo haipatikani hadi familia saba zikubaliane kumwita.

Kwa hiyo mwenye nyumba ya mawe, au mpangaji mwenye chumba kimoja tu ndani yake, nina mambo ya kumwambia ambayo hayahitaji mfadhili. Kabla masika hayajaingia mwezi wa Machi, na tena kabla ya vuli, mtu mmoja apande juu ya paa mchana kweupe, atazame mabati na misumari, atoe majani na mifuko ya plastiki kwenye mifereji, ang'oe kila kinachoota. Tangi lishuke chini uani, na pampu ipandishe maji. Lipu ikibanduka, ibanduliwe yote na irudishwe ya chokaa. Asitoboe mtu ukuta bila kuuliza juu yake kumelazwa nini. Na mchango ugawanywe sawa kwa sawa, kuanzia bibi wa juu hadi duka la chini. Mwenye duka akigoma kwa hoja yake ile, asigombezwe. Achukuliwe apandishwe ngazi zote tatu hadi kwa bibi, apewe msumari, na aoneshwe pembe ya dari yenye doa ili auchome mwenyewe kwenye kichwa cha boriti.